Shahada ya Kompyuta: Tazama Masomo, Si Jina

Wazazi na vijana wa Karagwe na Kyerwa, shahada ya kompyuta isichaguliwe kwa jina lake. Sayansi ya kompyuta imejaa hisabati na uundaji wa programu; teknolojia ya habari huegemea mitandao na uendeshaji wa mifumo; uhandisi wa kompyuta huongeza umeme na vifaa. Chukueni mfano wa kahawa yetu inayouzwa kupitia chama kikuu cha ushirika cha Karagwe, KDCU: kubuni programu ya kumbukumbu za mizani humfaa aliyesoma sayansi ya kompyuta, kuhakikisha mfumo hauzimiki msimu wa mavuno humfaa wa teknolojia ya habari. Mtasema waajiri hawatofautishi. Mara nyingi ni kweli, lakini darasa hutofautisha, na asiyependa hisabati huumia mapema. Someni sifa za kujiunga katika mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), kisha kiombeni chuo orodha ya masomo ya kila mwaka.