DAFTARI, SIMU NA NG'OMBE WETU
(Mazungumzo ya Kamati ya Mikopo, siku ya kutimiza miaka 10 ya kikundi)



Tumepewa dakika chache tueleze kwa nini marejesho ya mikopo ya ng'ombe yaliwahi kukwama.

Ufugaji wetu hapa Lushoto mnaujua. Mlima umebana, malisho hakuna, ng'ombe anakaa bandani. Majani ya gwatemala tunayakata kwenye kingo za matuta na kuyabeba kichwani. Tulipopekua vitabu vya mikopo tukaona tatizo kubwa ni tarehe. Ng'ombe huhitaji dume kila baada ya siku 21 hivi, na dalili hazidumu hata siku nzima. Ukiziona asubuhi, apandishwe jioni; ukiziona jioni, apandishwe kesho yake asubuhi. Zikikupita, umelisha wiki tatu za bure, na marejesho hayasubiri.

Ndipo tukaigeukia simu. Wenzetu Kenya walianza iCow mwaka 2011: mfugaji anaandikisha siku ya kupandisha, kisha anakumbushwa kwa ujumbe mfupi. Hapa Tanzania mradi wa ADGG ulikusanya kumbukumbu za ng'ombe wa wafugaji wadogo kwa vishikwambi, ukawarudishia ushauri kwa simu. Nasi tukajiandikisha kwenye huduma ya namna hiyo.

Kumbe tuliandikisha namba za akina baba, maana ndio wenye simu! Mwenzetu mmoja, ujumbe wa kukausha ng'ombe ulimkuta mumewe Kariakoo, amepeleka kabichi. Mama huku nyumbani akaendelea kukamua, hana habari. Ng'ombe akazaa amechoka, maziwa yakawa kidogo. Marejesho tulimchangia sisi sote.

Tangu hapo tumekubaliana: namba inayoandikishwa ni ya anayekamua. Asiye na simu, mkopo wake wa kwanza ni simu ya kitochi. Na daftari libaki palepale bandani, maana bondeni mtandao unapotea na chaji inaisha. Hesabu yenyewe si ngumu: toka kupandishwa hadi kuzaa ni siku 280 hivi, zikibaki 60, kausha.

Akina baba, msidhani tunawanyang'anya ng'ombe. Tunaomba tu ujumbe umfikie aliyeshika ndoo.