Neno la Siri na Ulimi wa Mtoto



Nimeombwa niseme jambo la kielimu kabla ya chakula. Nimechagua vita na watoto wachanga. Nasikia mnaguna huko nyuma; nivumilieni kidogo.

Katika Biblia, Waamuzi sura ya 12, watu wa Gileadi walivishika vivuko vya Yordani. Kila aliyetaka kuvuka aliambiwa atamke neno moja tu, shibolethi. Mwefraimu alitamka "sibolethi", akauawa. Kitabu chasema walikufa 42,000. Mwezi Mei 1940, majeshi ya Hitler yalipoivamia Uholanzi, inasimuliwa kwamba Waholanzi waliwapima washukiwa kwa jina la mji wao wa Scheveningen. Mholanzi huanza na s, kisha kh ya kooni. Mjerumani husema sh, na siri yake imefichuka. Nako kwenye Bahari ya Pasifiki, walinzi wa Kimarekani walichagua maneno yenye l nyingi, kwa kuwa Mjapani hutatizika nayo.

Sasa, Mjerumani yule ana ulimi, meno na koo kama Mholanzi. Kwa nini ashindwe?

Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Kanada, Janet Werker na Richard Tees, walitoa matokeo ya majaribio waliyowafanyia watoto wachanga wa nyumba zinazosema Kiingereza. Mtoto hupakatwa, asikilize sauti moja ikirudiwa. Sauti ikibadilika naye akageuza kichwa, huonyeshwa mwanasesere wa kumfurahisha. Sauti zilikuwa za Kihindi, na za lugha moja ya wenyeji wa asili wa Kanada, ambazo mtu mzima asemaye Kiingereza husikia kuwa ni kitu kimoja. Watoto wa miezi 6 hadi 8 walizitofautisha vizuri. Wa miezi 10 hadi 12, ni wachache tu walioweza. Yaani kabla mtoto hajasema neno la maana, sikio lake limekwisha kuchagua kwao. Yule mtu wa kivukoni alihukumiwa kwa jambo alilolipata mgongoni mwa mama yake!

Je, hapa kwetu? Tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia ardhi yetu kaskazini ya Mto Kagera, na tarehe 3 Novemba daraja la Kyaka likavunjwa. Kila msafiri wa Karagwe aendaye Bukoba anapajua Kyaka. Kwa maoni yangu, mtego wa Wagileadi usingefaa hata kidogo kwenye mto huu. Kinyambo, Kihaya na Kinyankole ni ndugu wa tumbo moja. Na Kiswahili je? Kilikuwa lugha ya askari wa Uganda tangu enzi za KAR, na mwaka 1973 Amin mwenyewe alikitangaza kuwa lugha ya taifa. Askari wa pande mbili waliweza kutukanana bila mkalimani.

Wanafunzi, nawageukieni ninyi. Nimesikia mnavyomcheka mwenzenu anapotamka Kiingereza kwa lafudhi ya Kinyambo. Mnacheka sikio lililofanya kazi yake barabara kabla ya mwaka mmoja. Bado anaweza kujifunza sauti mpya, ila kwa jasho, na kicheko humfunga mdomo asijaribu tena.

Wazazi wenzangu tunaoishi mijini, tunawanyima watoto Kinyambo tukidhani kitawachanganya. Mtoto mchanga hubeba lugha mbili bila shida, mradi asemeshwe na watu, wala si redio. Likizo ikifika, bibi aulize na mjukuu ajibu. Kwa sasa nyumba nyingi huwa na mkalimani katikati yao, na mkalimani huyo ni mimi na wewe.

Tena tusikilize. Yapata miezi saba mtoto huanza ba-ba-ba, ma-ma-ma. Akifika miezi kumi yuko kimya, tusiseme amerithi upole wa babu yake. Apelekwe hospitali, masikio yapimwe, maana mtoto kiziwi huchelewa hatua hiyo, na miezi tunayomsubiri ndiyo ile ile niliyoieleza.

Ndugu Mwenyekiti, naona wapishi wanachungulia. Mwenye swali aulize, kwa Kinyambo akipenda.