Mchango wa Wenzako ni Amana

Mazungumzo na kamati za wafanyakazi, Singida mjini



Tarehe 1 Mei 2025 mkoa huu ulikuwa mwenyeji wa sherehe za Mei Mosi kitaifa. Leo tumekuja kuzungumzia sherehe ndogo zaidi, isiyo na gwaride wala jukwaa kuu: ile siku moja katika mwaka ambapo watumishi wa ofisi, shule au kiwanda huenda mahali pamoja ili wacheze, wale na kufahamiana nje ya kazi. Wengine huiita bonanza, wengine safari ya pamoja. Shabaha yake ni kujenga umoja. Hata hivyo, isipoandaliwa kwa uangalifu, yaweza kuuvunja umoja huo huo.

Tuchukue mfano. Ofisi moja ina watumishi 40. Wamekubaliana kwenda Kolo, wilayani Kondoa, kutazama michoro ya miambani iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Kila mmoja anachanga shilingi 30,000, na jumla inakuwa shilingi 1,200,000. Mweka hazina anamtumia mtu aliyejitambulisha kuwa mwenye basi shilingi 400,000 kwa simu, katika namba binafsi, bila karatasi yoyote. Alfajiri ya Jumamosi watu wamesimama na mabegi yao, na masufuria ya pilau yamekwisha kufungwa. Basi halitokei. Simu haipokelewi.

Jumatatu wanarudi kazini. Mwenye basi hayupo wa kulaumiwa, kwani hakuna anayemjua. Macho yote yanamwelekea mweka hazina. Mhudumu wa usafi, ambaye kwake shilingi 30,000 si fedha ndogo, hamsalimii tena kama zamani. Mweka hazina hakuiba hata senti moja, lakini hana cha kuonyesha.

Ndugu zetu, hilo ndilo neno tulilokuja nalo. Fedha ya mchango ni amana, na maandishi humlinda aliyekabidhiwa amana kabla hayajailinda fedha yenyewe. Kwa hiyo tunawashauri mambo matano.

Kwanza, kubalianeni juu ya lengo na kiasi kabla ya kutafuta basi au ukumbi. Siku ya pamoja si lazima iwe safari ndefu. Ziwa Singidani na Ziwa Kindai yapo hapa hapa mjini. Kuvuta kamba, kukimbia ndani ya magunia na mlo wa kuku wa kienyeji vyaweza kuwaunganisha watu kuliko saa nyingi barabarani. Ulizeni mapema nani atakuwa amefunga, nani ananyonyesha, nani ana ulemavu, na nani hana uwezo wa kuchanga. Mchango uwe wa hiari, na asiyeweza kutoa asitangazwe mbele ya wenzake.

Pili, ombeni makadirio ya bei kwa maandishi, yale ambayo wengi huyaita profoma, kutoka kwa watoa huduma zaidi ya mmoja. Yaonyeshe wazi kama bei imejumuisha mafuta, posho ya dereva, ushuru wa maegesho, viti, maturubai na usafi. Bei iliyo ndogo kwenye simu mara nyingi hukua siku ya tukio.

Tatu, hakikisheni kuwa gari lina leseni ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, inayoruhusu safari mnayoitaka. Basi dogo linalobeba abiria kila siku mjini si lazima liwe na ruhusa ya kubeba kundi lililokodi kwenda mkoa mwingine. Tazameni pia bima, na mwulizeni mwenye gari kama dereva atakuwa amepumzika.

Nne, andikeni mkataba. Makubaliano ya mdomo nayo yaweza kuwa mkataba mbele ya sheria. Tabu yake ni kuyathibitisha. Ukurasa mmoja unatosha: majina kamili ya pande zote mbili, namba ya usajili wa gari, tarehe, saa na mahali pa kuondokea, bei yote, kiasi cha malipo ya awali, na fedha itakayorudishwa iwapo upande mmoja utaahirisha au kushindwa. Watie saini wajumbe wawili wa kamati, wala si mmoja.

Tano, lipeni kwa njia inayoacha alama. Mkitumia simu, lipeni kwa namba ya biashara, na msome jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Jina lisipolingana na lile la mkataba, simameni hapo hapo. Hifadhini ujumbe wa malipo, na mdai risiti ya mashine ya kielektroniki: sheria ya kodi inamtaka muuzaji aitoe na mnunuzi aidai. Msimalize malipo yote kabla huduma haijatolewa.

Mambo yakiharibika licha ya hayo, msikimbilie kugombana. Mwandikieni mtoa huduma barua yenye madai yenu na siku ya mwisho ya kujibu. Asipojibu, peleka shauri la usafiri LATRA. Kwa mwenendo wa kumpotosha mtumiaji katika biashara, ipo Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003. Penye dalili za utapeli, toeni taarifa polisi bila kuchelewa. Kote huko mtaulizwa swali moja: mna maandishi gani?

Mwisho, siku ya pamoja ikishapita, bandikeni ukutani hesabu ya mapato na matumizi, pamoja na nakala za risiti. Kama imebaki shilingi 15,000, iandikwe na wenye mchango waamue matumizi yake. Watu wakiiona hesabu hiyo, mwakani hamtahitaji kuwabembeleza wachange.