Mawe Kumi na Mawili, Lundo Moja

Andiko: Yoshua 4



Israeli walipovuka Yordani, Mungu hakuwaacha waende moja kwa moja kugawana mashamba. Aliwasimamisha. Mtu mmoja wa kila kabila aliokota jiwe katikati ya mto, akalibeba begani hadi Gilgali. Sababu imeandikwa pale pale: siku moja watoto watauliza maana ya mawe hayo, na wazazi lazima wawe na jibu.

Watoto wetu wameanza kuuliza. Juzi mmoja wa masomo ya Jumapili alitaka kujua kwa nini bibi yake hunyamaza kila soko la Ntoto linapotajwa. Tulimwambia aende akacheze. Baadaye tukaona haya, maana mtoto aliuliza swali la Biblia, nasi tukamfukuza.

Basi tumjibu. Mwezi wa tatu 1993, watu walishambuliwa na kuuawa katika soko la Ntoto, Walikale. Waliouawa walikuwa wasemao Kinyarwanda, wengi wao Wahutu. Walioua walikuwa vijana Wanyanga na Wahunde. Vita ikaingia Masisi, na huko Wahunde nao wakauawa na vijana Wahutu. Vijiji vikachomwa pande zote. Kwa miezi michache maelfu walikufa, na watu zaidi ya 200,000 wakaacha makao yao. M23 ilikuwa haijazaliwa. Hata wakimbizi wa Rwanda wa 1994 walikuwa hawajafika. Tulikuwa majirani kwa majirani, na wengi wetu tulikuwa tumebatizwa.

Vita ile ilikuwa na mizizi. Kuanzia 1937 Wabeleji walileta maelfu ya watu kutoka Rwanda, wakawaweka kwenye udongo wa Wahunde ili wapate watu wa kazi. Kisha sheria ya 1972 ikawapa uraia, ya 1981 ikawanyang'anya. Mmoja akaogopa kupoteza udongo wa babu zake, mwingine akaogopa kufukuzwa mahali alipozaliwa. Hofu mbili juu ya kilima kimoja.

Sasa angalieni tunavyosimulia nyumbani. Kwa Mhunde hadithi inaanza 1937. Kwa Mhutu inaanza Ntoto. Kila mmoja anaanza mahali palipomuuma, na ananyamaza kabla ya kufika mahali alipomuumiza mwenzake. Mtoto aliyelelewa kwa hadithi ya namna hiyo, siku atakapopewa bunduki hatahitaji maelezo marefu. Pale Gilgali kila kabila lilibeba jiwe lake, ndiyo, lakini lundo lilikuwa moja. Sisi kila kabila lina lundo lake, na tunayatumia mawe kutupiana.

Wako wanaosema Paulo alifundisha kusahau ya nyuma. Ni kweli, Wafilipi 3. Lakini someni sura yote: kabla ya kufika hapo, alikuwa amekwisha kutaja wazi kwamba yeye mwenyewe alilitesa kanisa. Na katika Nehemia 9 watu waliorudi kutoka uhamishoni walisimama wakasimulia historia yao ndefu, wakataja makosa yao na ya baba zao. Hawakuungama dhambi za Wababeli! Hiyo ingekuwa rahisi, nasi wahubiri tumeifanya mara nyingi katika mimbara hizi.

Wiki hii tunawaomba wazee waliokuwa watu wazima mwaka ule wakae na wajukuu jioni moja. Mzee aanze na jina la jirani wa kabila lingine aliyekufa, na jinsi alivyokufa. Aliyefichwa na jirani wa kabila lingine, alitaje jina la huyo pia. Na aliyeshika panga, kama anaona vigumu kusema mbele ya watoto, aje kwetu kwanza, mlango uko wazi hata usiku.

Sisi nasi tutamtafuta yule mtoto. Lakini tutaanza kwa bibi yake, tumwombe ruhusa.