Trekta Linapokataa Kunyanyua Plau

(Mazungumzo na wakulima wa Kirumba, Mwanza)

Watu wakisikia Kirumba wanafikiria samaki wa Mwaloni tu. Lakini wengi wenu mna mashamba Magu, Misungwi na Kwimba, na mvua zikianza mnakwenda kulima. Kwa hiyo leo tuzungumze juu ya trekta dogo, hasa ile mikono miwili ya nyuma inayonyanyua plau.

Mikono ikigoma wakati wa mvua, hasara yake mnaijua. Udongo wa mbuga ukiwa mkavu ni jiwe, ukilowa sana ni gundi. Siku za kuulima ni chache. Trekta likilala siku kumi kwa fundi, mpunga umechelewa, na aliyelikodi anadai pesa yake.

Matrekta siyo mageni Usukumani. Miaka ya 1960 vyama vya ushirika chini ya Victoria Federation vililima mashamba ya pamoja ya pamba kwa matrekta. Mpango ule haukudumu. Na mikono hii tunayoizungumza ni ya zamani zaidi: mwaka 1946 kiwanda cha Coventry, Uingereza, kilianza kutoa trekta dogo la kijivu la Ferguson, lenye mikono ya kunyanyuliwa na oili.

Sasa inafanyaje kazi? Pampu inasukuma oili. Wewe ukivuta mkono wa kuendeshea ulio pembeni ya kiti, unafungua valvu. Oili inaingia kwenye silinda, inasukuma pistoni, na mikono ya nyuma inapanda. Hapa ndipo penye akili: mikono ikipanda inavuta kifimbo cha chuma, na kifimbo kile kinairudisha valvu mahali pake. Oili inasimama, plau inasimama. Shida nyingi za mikono zinatokana na kifimbo hiki, au na oili yenyewe.

Lakini kabla ya kumwita fundi, tazama vitu vidogo. Plau haishuki? Chini ya kiti, kwenye matrekta mengi madogo, kuna kitasa cha mwendo wa kushuka. Kikifungwa kabisa, plau inabaki juu hata ufanye nini. Dereva hukifunga akiwa barabarani ili plau isianguke, halafu akifika shambani anasahau. Tunajua kikundi kimoja kilichomlipa fundi nauli ya kwenda na kurudi, na kazi yake yote ikawa kufungua kitasa hicho.

Haipandi? Pima oili. Kwenye Massey Ferguson za zamani kama 35 na 135, tazama pia ile lever ya PTO, maana ndiyo inayoizungusha pampu. Ikiwa imetolewa, pampu imelala. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia: imwagwe, chujio lisafishwe, itiwe mpya ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha trekta. Siyo oili yoyote ya dukani.

Plau inapanda, lakini ikifika juu pampu inapiga kelele na oili inapata moto? Hapo kifimbo hakikupimwa sawasawa. Mikono imefika mwisho, valvu bado iko wazi, na oili haina pa kwenda isipokuwa kupita kwenye valvu ya usalama. Ukiiacha hivyo, pampu itakwisha.

Toa plau kwanza. Shusha mikono, zima injini, kisha utie alama ya rangi kwenye nati ya kifimbo ili ujue ilikuwa wapi. Zungusha nusu mzunguko tu. Washa, nyanyua mpaka juu, sikiliza. Kelele ikizidi, umezungusha upande usiofaa, rudisha. Ikinyamaza, zima injini, simama kando, ushike ncha ya mkono mmoja na kuuinua. Ukicheza kidogo kwenda juu, ni sawa. Ukiwa mgumu kabisa, bado. Lakini usipitilize, maana mikono haitafika juu, na plau itaburura ukikata kona mwisho wa shamba. Kisha kaza nati.

Kuna plau inayopanda na kushuka yenyewe kidogo kidogo, kama mtu anayesinzia. Hiyo siyo ya kuzungusha nati. Oili inavuja ndani, mikono inashuka, valvu inaisukuma tena. Nyanyua plau, zima injini, tazama: ikishuka haraka, mpira wa pistoni umekwisha au valvu imelika. Hapo mwite fundi.

Na huyo fundi akikwambia atakaza valvu ya usalama ili trekta linyanyue mzigo mkubwa zaidi, mkatalie. Ile valvu ndiyo inayozuia nyumba ya haidroliki isipasuke.

Jambo la mwisho ni mwili wako. Usiingie chini ya plau iliyoning'inia, hata dakika moja. Iweke juu ya magogo imara kwanza. Na ukitafuta mahali panapovuja, tumia kipande cha boksi, siyo kiganja. Oili yenye nguvu inatoboa ngozi kama sindano. Tundu linaonekana dogo, halafu mkono unavimba na kuoza ndani. Aliyetobolewa aende hospitali siku ile ile, aseme wazi kwamba ni oili ya trekta iliyoingia.