Bomba Kuukuu: Tutie Kiraka au Tung'oe?

Maji ya Nairobi hutoka mbali, kwenye mabwawa kama Sasumua na Ndakaini, lakini zaidi ya theluthi hupotea bila kulipiwa: yanavuja, yanaibwa, au mita hazisomi sawasawa.

Mitaa kama Ziwani ilijengwa enzi za ukoloni. Bomba la chuma likizeeka hushika kutu ndani, njia ikabana. Kutu hiyo ndiyo hutia maji ya kwanza, ukifungua mfereji, rangi ya chai. Na siku za mgao, bomba likibaki tupu, ufa mdogo hufyonza uchafu wa mtaroni. Maji ya kunywa yachemshe.

Kiraka ni nafuu leo, ila fundi hakawii kurudi. Bomba la plastiki halipati kutu, lakini barabara itachimbwa na mifereji itakauka kwa muda.

Nyumbani nako, usiku funga mifereji yote, kisha tazama mita. Ikizunguka, maji yanavuja upande wako wa mita, mwite fundi.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki ya maji safi. Kaunti ikiitisha maoni ya umma, nenda ukaulize: kazi ya kung'oa mabomba itaanzia wapi, na nani atalipa?