Siku za Guma mu Rugo Mjini Gisenyi

Bismillahi Rahmani Rahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote.



Nimetakiwa na viongozi wa jumuiya yetu niseme maneno machache juu ya zile siku tulizofungiwa majumbani kwa ajili ya maradhi ya korona. Wameniomba nisiseme ya msiba peke yake, kwa kuwa ya msiba kila mtu ayajua. Niseme na yale mema yaliyoonekana. Nami naona wamenena sawa, walakini sitaficha uchungu wa siku zile, maana wengi walioketi hapa waliuonja, na hawatanisadiki nikiuruka.

Mgonjwa wa kwanza katika Rwanda alitangazwa tarehe 14 Machi 2020. Mara ibada za pamoja zikasimamishwa, misikiti na makanisa yakafungwa, na shule pia. Usiku wa tarehe 21 ikaingia ile amri ambayo watu wote, hata watoto wadogo, waliiita kwa jina lake la Kinyarwanda, Guma mu Rugo, yaani kaa nyumbani. Mipaka ikafungwa, isipokuwa kwa shehena na kwa wenyeji waliorejea makwao. Sehemu nyingine za nchi zilianza kulegezewa tarehe 4 Mei, na mwanzoni mwa Juni watu wakaruhusiwa kusafiri baina ya mkoa na mkoa. Lakini sisi wa Rubavu na wenzetu wa Rusizi tukabakizwa nyuma, kwa kuwa tumepakana na Kongo. Hivyo basi kwetu siku zile zilikuwa ndefu kuliko kwa wengine.

Nani asiyejua maana ya mpaka katika mji huu? Gisenyi na Goma ni kama nyumba mbili zenye ukuta mmoja. Kabla ya maradhi, makumi ya maelfu ya watu walikuwa wakipita kila siku pale Petite Barrière. Mama zetu walivuka asubuhi na karoti, vitunguu na kabichi vichwani, wakarudi jioni na chakula cha watoto. Ulipofungwa mpaka, mama huyo hakupoteza kazi tu. Mtaji wake, ambao ulikuwa mdogo wa kufungwa katika pembe ya kanga, uliliwa ndani ya wiki mbili. Na wako waliofiwa na ndugu upande wa pili, hatua chache tu kutoka Mbugangari, wasiweze kwenda kuzika. Haya nayataja ili isije ikasemwa kuwa sheikh amesahau.

Sasa niingie katika jambo la kwanza, nalo ni lile lililotugawanya. Wako waliosema kwamba kuufunga msikiti ni udhaifu wa imani, na kwamba mauti yana siku yake. Maneno haya yana sura ya ucha Mungu, lakini ndani yake hamna elimu. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba tauni ikisikiwa katika nchi watu wasiingie, na ikiwakuta katika nchi waliyomo wasitoke kwa kuikimbia. Sayidina Umar alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari ya tauni, akawashauri masahaba, kisha akarudi na watu wake. Abu Ubaida akamwuliza iwapo anakimbia kadari ya Mungu, naye akamjibu kuwa anatoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu. Tauni ile, iitwayo ya Amwas, ndiyo iliyomwua Abu Ubaida mwenyewe katika mwaka wa 18 wa Hijra. Aidha, usiku wa mvua kali muadhini wa Mtume aliamrishwa kuwaambia watu wasali majumbani mwao. Ikiwa mvua na tope ni udhuru, itakuwaje maradhi yauayo? Hayo ndiyo niliyowaambia waliokuja kunigombeza mlangoni, wakisimama mbali kwa hofu ya maradhi yale yale waliyosema hawayaogopi.

Kwa upande mwingine, mji huu ulikuwa umekwisha kupata mafunzo. Mwezi wa Julai 2019 ugonjwa wa Ebola uliingia Goma, na tangu hapo hakuna aliyepita mpakani bila kunawa na kupimwa joto la mwili. Kile chombo tukiitacho kandagira ukarabe, ambacho ukikanyaga kijiti kwa mguu dumu huinama na maji yakatoka, hakikuwa kigeni kwetu. Mtu atawadhaye mara tano kwa siku hafundishwi kunawa. Lakini kunawa kwa sabuni, hilo nalo tulijifunza, na watoto wetu bado wanalo.

Halafu ukaingia mwezi wa Ramadhani, mwaka wa 1441. Watu walilia. Wakauliza, ni Ramadhani gani hii isiyo na tarawehe msikitini? Ikatulazimu kuwakumbusha kwamba Mtume aliisali pamoja na watu msikitini siku chache tu, kisha akakaa nyumbani, akihofia isije ikafaridhishwa juu yao. Na kwamba zama za Abu Bakar watu walikuwa wakisali mmoja mmoja au makundi madogo, mpaka Sayidina Umar alipowakusanya nyuma ya Ubayya bin Kaab. Basi Ramadhani ile tulirudi katika desturi iliyotangulia.

Na hapa ndipo nilipoona jambo ambalo sikulitazamia. Katika nyumba nyingi baba alisimama mbele kuwasalisha mkewe na watoto wake kwa mara ya kwanza tangu aoe. Zamani aliwaacha nyumbani, yeye akaenda msikitini, na mama akasali peke yake nyuma ya pazia baada ya kuosha vyombo. Baba mmoja aligundua kuwa sura azijuazo sawasawa hazifiki sita, na kwamba binti yake wa miaka kumi na miwili anamzidi kwa mbali. Je, aliona haya? Aliona, naye ameniambia mwenyewe. Lakini kila alasiri alikaa mkekani na binti akamfundisha, na kabla ya Idi alikuwa ameongeza sura nne. Mimi nimefundisha chuoni miaka mingi, nami nasema kuwa mtoto amfundishaye babaye hasahau alichofundisha. Idi yenyewe, Jumapili tarehe 24 Mei, ilisaliwa uani na vyumbani, takbiri zikasikika kutoka nyumba hii hadi ile, za kiume na za kike, zikipishana.

Jambo la pili ni chakula. Serikali iligawa chakula kwa wasiojiweza kwa njia ya viongozi wa mitaa, na hilo lilisaidia sana. Lakini kuna watu ambao jana walikuwa wakijiweza, dereva wa pikipiki, fundi wa nguo, mwenye kuuza chapati kituoni, na watu wa namna hii huona haya kuandikwa. Kwa hiyo tuliwakumbusha wenye mali kwamba katika madhehebu ya Imamu Shafi zakatulfitri yaweza kutolewa tangu mwanzo wa Ramadhani, si lazima ingoje usiku wa Idi; na kwamba Abbas, ami yake Mtume, aliruhusiwa kutanguliza zaka ya mali yake kabla ya mwaka kutimia. Wengi walitanguliza. Vijana wawili wakawa na daftari lenye majina ya nyumba, wakapeleka unga na maharage baada ya magharibi, kabla ya saa ya kutotoka nje, wakaacha mlangoni wakaenda zao. Na wenye dhiki wenyewe walisaidiana: nawajua mama watatu wa mpakani waliochanganya vyungu vyao, leo kwa huyu kesho kwa yule, wakafungamana kama mitumbwi mitatu ya wavuvi wetu wa sambaza, ambayo hufungwa pamoja kwa miti ili iweze kubeba wavu. Hakuna aliyewaamrisha.

Juu ya mazishi nitasema kidogo tu. Waliohudhuria hawakuruhusiwa kuzidi 30. Sala ya jeneza ni faradhi ya kutoshelezana, wachache wakiisimamisha imetosha, kwa hiyo maiti hakupungukiwa na kitu. Kilichopungua ni gharama, yale masufuria ya pilau anayodaiwa mfiwa, ambayo dini haikumdai kamwe. Naona yamekwisha kurudi.

Baraza la Mawaziri la tarehe 15 Julai 2020 liliruhusu nyumba za ibada zilizotimiza masharti zifunguliwe tena, na tukarejea hatua kwa hatua, kila mtu na msala wake na barakoa usoni. Lakini mitihani haikuisha. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulipasuka, na maelfu ya watu wa Goma wakavuka kuja kwetu usiku, hali ardhi inatikisika na kuta zetu zenyewe zinapasuka. Wale vijana wa daftari walijua nyumba ipi ina chumba, ipi ina maji, ipi ina mama mjane asiyeweza kupokea mgeni. Kazi ambayo ingechukua siku tatu ilifanyika kabla ya alfajiri. Kisha katikati ya Julai mwaka huo huo Rubavu ikafungwa tena pamoja na Kigali na wilaya nyingine saba, na Idi ya kuchinja, tarehe 20 Julai 2021, ikatukuta ndani. Kwa daftari lile lile mafungu ya nyama yaligawiwa.

Daftari hilo liko kwa mweka hazina wetu. Kurasa zake zimekwisha, na baadhi ya waliomo wamehama au wamefariki, Mwenyezi Mungu awarehemu. Limenunuliwa jipya. Baada ya sala ya Ijumaa ijayo vijana wataanza kupita nyumba kwa nyumba kuandika upya, kuanzia Mbugangari. Tafadhalini wafungulieni milango, na mwenye dhiki aseme dhiki yake.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.